Kufuga mkunga nyumbani: funga tangi kwanza, samaki baadaye

Mkunga ni samaki mgumu. Akishazoea hula vizuri, hupitisha wiki nzima bila chakula pasipo kudhoofika, na akitunzwa huweza kukaa tangini zaidi ya miaka 10. Hata hivyo wapo wengi wanaokufa mapema, na ukifuatilia sababu utazikuta ni zilezile: ametoka usiku akakaukia sakafuni, au maji yamechafuka kwa mabaki ya chakula chake, au mwenye tangi ametia dawa yenye shaba. Zote tatu zinazuilika. Ndiyo maana hapa nitakaa zaidi kwenye mfuniko na chakula kuliko kwenye taa na mapambo.

Kwanza tukubaliane ni mkunga yupi. Jamii hii ina aina takribani 200, na nyingi hazifai kabisa nyumbani. Gymnothorax javanicus, yule mkubwa wa kahawia anayeonwa na wazamiaji kwenye miamba ya pwani yetu, hufika mita 3. Gymnothorax favagineus, mweupe mwenye madoa meusi yaliyobanana, hupita mita moja na nusu. Wote wawili huuzwa wakiwa wadogo wa sentimita 30, wanapendeza, na baada ya miaka michache hakuna tangi la sebuleni linalowatosha. Rhinomuraena quaesita, yule mwembamba wa buluu na manjano, ana tatizo jingine: mara nyingi hukataa chakula mpaka anakufa. Na kuna Gymnothorax tile, anayeuzwa kama mkunga wa maji baridi. Huyo si wa maji baridi. Ni wa milangoni mwa mito, kwenye maji ya chumvichumvi, na ukimweka kwenye maji matamu moja kwa moja atadhoofika polepole.

Wa kuanza naye ni Echidna nebulosa, ambaye madukani hujulikana kwa jina la snowflake. Anaishi kwenye maji mafupi ya miamba kuanzia Afrika Mashariki na Bahari ya Shamu hadi pwani ya Pasifiki ya Amerika ya Kati, kwa hiyo kwa watu wa Tanga, Mombasa au Unguja ni jirani. Utamtambua kwa pua fupi butu, mwili mweupe wenye safu mbili za mabaka meusi yenye vidoa vya manjano ndani yake, na vijibomba viwili vya manjano juu ya mdomo, ambavyo ndivyo pua zake. Mkubwa kabisa hufika karibu mita 1, lakini tangini wengi huishia sentimita 60 hadi 75. Meno yake ni butu, ya kusagia kaa na kamba, si sindano kama ya mikunga wanaokula samaki. Hilo linamfaa mfugaji kwa mambo mawili: samaki wenzake wako salama zaidi, na hata vidole vya mwenye nyumba.

Mfuniko

Watu husema mkunga "ameruka". Haruki. Anapanda. Hana mapezi ya kifuani wala ya tumboni, mwili wote ni msuli, na akipata pa kuegemea mkia, iwe ni waya wa hita, bomba la pampu au kona ya silikoni, atajisukuma juu mpaka kichwa kipate tundu. Kwa aina hii kutoka majini ni desturi ya uwindaji: bahari ikipwa, hutambaa juu ya mawe yenye unyevu akifuata kaa. Rita Mehta na Kyle Donohoe wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, walichapisha mwaka 2021 utafiti ambao ndani yake mikunga wa aina hii walizoezwa kupanda mteremko hadi pakavu na kumeza chakula hukohuko nje ya maji. Kwa hiyo usijidanganye kwamba mkunga mwenye maji safi na shibe hatatoka. Atatoka tu akipata njia.

Kipimo cha kutumia ni hiki: tundu linalopitisha kidole chako cha shahada linapitisha mkunga mchanga. Zunguka tangi lote na kidole hicho. Sehemu zinazosahaulika ni zilezile kila mara: pembe ya nyuma panapopita nyaya, mwanya kati ya kioo cha mfuniko na boriti ya katikati, meno ya kisanduku cha kumwagia maji kwenda sampu (tangi dogo la kuchujia lililo chini ya tangi kuu), na mdomo wa bomba la kurudishia maji.

Mfuniko mzuri kwa nchi za joto ni wa fremu na wavu, kwa sababu kioo kizima huzuia hewa na hupandisha joto la maji. Mafundi wa madirisha ya aluminiamu wanaweza kukutengenezea fremu kwa vipimo vyako. Waambie watumie aluminiamu iliyopakwa rangi, na badala ya wavu wa mbu waweke wavu mgumu wa plastiki wenye matundu ya milimita 5 au 6. Wavu wa mbu wa kawaida hulegea na mkunga huupasua pembeni. Usikubali waya wa mabati hata kwa bei ya bure: chumvi huula, na zinki inayodondoka majini ni sumu.

Nyaya na mabomba yapitishe sehemu moja tu, pembe moja ya nyuma. Kata kipande cha akriliki cha milimita 4, kitobolee nafasi za kila waya kwa kipimo chake, kibandike kwa silikoni ya akwaria. Sponji la kuziba halitoshi. Mkunga hulisukuma kwa pua usiku kucha mpaka likatoka. Kwenye kisanduku cha kumwagia maji, meno yenye nafasi zaidi ya milimita 6 yafunike kwa wavu uleule wa plastiki, kisha uusugue kila wiki. Ukiziba kwa mwani, maji yatapanda na kumwagika sebuleni.

Halafu uzito. Mkunga wa sentimita 60 ana nguvu ya kuinua mfuniko mwepesi. Ingiza mkono ndani ya tangi tupu, sukuma mfuniko kwa kiganja kutoka chini, kwenye kila pembe. Ukiinuka, hautoshi. Weka klipu nne au komeo ndogo za plastiki. Kuweka jiwe juu ni suluhisho la siku moja, maana siku ya kulisha utalitoa na kusahau kulirudisha.

Na ukimkuta sakafuni, usimtupe haraka. Ute wake mzito humlinda dhidi ya kukauka kwa muda usiotarajiwa, na mkunga anayeonekana mkavu na mgumu anaweza bado kuwa hai. Mshike kwa taulo lililoloweshwa maji ya tangi, mrudishe majini, kichwa kikielekea mkondo wa pampu, na umwache hapo. Angalia koo: likianza kupanda na kushuka, amerudi. Usimpe chakula kwa siku 4 au 5, na siku hiyohiyo tafuta tundu alilotokea.

Tangi, mawe na mabomba

Kwa snowflake mmoja chukua tangi la sentimita 120 kwa 45 kwa 55. Kwa hesabu ni lita 297, lakini usilijaze: acha sentimita 8 hadi 10 kutoka ukingoni, toa na nafasi ya mawe, ubaki na takribani lita 240 za maji. Pamoja na kioo na mawe ni zaidi ya kilo 350, kwa hiyo meza ya televisheni haifai, tengenezewa stendi. Kimo cha tangi hakimpi mkunga faida kubwa, upana na eneo la chini ndivyo anavyotumia.

Mawe yakae juu ya kioo cha chini, si juu ya mchanga. Hili watu hulipuuza kuliko yote kwenye upangaji. Mkunga huchimba. Akitoa mchanga chini ya jiwe la kilo 5, jiwe linashuka, na hapo ama linamwangukia yeye ama linapasua kioo. Tandika chini karatasi nyembamba ya PVC, panga mawe juu yake, yafunge kwa vifungo vya plastiki au gundi ya epoksi inayoruhusiwa majini, ndipo mwaga mchanga wa sentimita 3 kuyazunguka. Kilo 20 za mawe makavu yenye matundu zinatosha. Usiyang'oe mwambani. Ukimaliza, sukuma kila jiwe kwa mkono kwa nguvu zako. Kinachotikisika kipange upya.

Ndani ya mawe ficha bomba la PVC. Kwa mkunga wa sentimita 25 hadi 40 bomba la inchi moja na nusu linamtosha. Akizidi hapo, inchi 2. Afadhali vipande viwili vya sentimita 40 vilivyounganishwa kwa elbo, midomo yote miwili wazi. Bomba lililozibwa upande mmoja hugeuka jalala: kinyesi na mabaki hukaa humo, hakuna mkondo unaoyatoa. Toboa tundu kadhaa za milimita 8 upande wa chini na ulainishe kingo kwa msasa, kwa sababu ngozi yake haina magamba na hukwaruzika. Ukiunganisha kwa gundi ya PVC, iache ikauke saa 24, kisha loweka bomba kwenye maji na uyamwage. Mkunga mwenye shimo linalomgusa mwili pande zote hutulia. Asiye nalo hutembea usiku kucha akitafuta, na safari hiyo huishia kwenye mfuniko.

Kuhusu uchujaji, hesabu ya samaki wengine haifuati hapa. Samaki wa kawaida huchafua maji kidogokidogo kila siku. Mkunga hula mlo mmoja mzito, kisha ndani ya saa chache amonia, sumu itokanayo na uchafu wake, inapanda kwa mkupuo. Chujio lako lipimwe kwa kilele hicho. Ningeshauri sampu ya lita 60 hadi 80 chini ya tangi, yenye vyombo vya kukalia bakteria, na skima ya protini, kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu, iliyoandikiwa tangi la lita 500, yaani mara mbili ya ulilonalo. Usishtuke ukiona skima imeacha kutoa povu baada ya kulisha: mafuta ya chakula huvunja povu kwa saa kadhaa, kisha hurudi lenyewe. Anayeikimbilia kuirekebisha saa hiyo huamka asubuhi na kikombe kimefurika.

Maji

Chumvi ni gramu 33 hadi 35 kwa kilo ya maji, kwenye hidrometa (kifaa cha kupima uzito wa maji ya chumvi) 1.025 hadi 1.026. Ukitumia chumvi ya akwaria, chukua gramu 36 hadi 40 kwa lita kutegemea aina, changanya kwenye ndoo yenye pampu kwa saa 24, pima, ndipo utie. Chumvi ya mezani au ya mashamba ya chumvi haifai, haina uwiano wa kalsiamu na magnesiamu. Maji yanayopotea kwa kukauka hujazwa kwa maji yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi haikauki pamoja nayo. Kujaza kwa maji ya chumvi kila siku ndiko kunakofanya kipimo kipande mpaka 1.030 bila mtu kuelewa kwa nini.

Walio pwani wanaweza kutumia maji ya bahari. Yachote bahari ikijaa, mbali na bandari, mbali na mlango wa mto, na wakati wa masika usichote ufukweni kabisa. Yapitishe kwenye kitambaa kizito, yaweke gizani kwenye pipa la plastiki la chakula kwa wiki moja na pampu ya hewa ikiendelea, kisha mimina ya juu na uache mashapo ya chini.

Joto lilenge nyuzi 24 hadi 27. Nairobi, Arusha au Kigali utahitaji hita ya wati 200 hadi 300, na uifunike kwa kikapu chake cha plastiki, kwani mkunga hupenda kujizungushia kwenye hita na huungua. Dar es Salaam, Mombasa, au Muscat tatizo ni kinyume chake. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji ya sampu hushusha nyuzi 2 au 3, kwa gharama ya maji mengi zaidi ya kujazia. Kwa joto la Ghuba feni haitoshi, itabidi mashine ya kupozea.

Kabla ya mkunga, tangi liive, yaani bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti kisha nitrati wazaliane. Tia kloridi ya amonia mpaka kipimo kisome miligramu 2 kwa lita, subiri, rudia. Siku ambayo dozi hiyo inamalizika ndani ya saa 24, amonia 0 na nitriti 0, tangi liko tayari. Kwa kawaida ni wiki 4 hadi 6. Baadaye, nitrati ibaki chini ya miligramu 40 kwa lita, na ikiwa chini ya 20 ni bora. Badilisha asilimia 20 ya maji kila wiki mbili, yaani karibu lita 50.

Kumchagua na kumleta

Mwombe muuzaji amlishe mbele yako. Asiyekula dukani, mwache dukani. Mtazame nyuma ya kichwa: mwili uwe mviringo. Ukiona mfereji mgongoni na kichwa kimekuwa kipana kuliko shingo, amekonda kwa muda mrefu. Geuza macho tumboni: wekundu wa mabaka mabaka ni dalili ya maambukizi yaliyoanzia safarini. Kufungua na kufumba mdomo si vitisho, ndiyo namna anavyopumua, maana hana kifuniko cha mashavu kama samaki wengine, bali tundu dogo tu la kutolea maji. Ila mpigo wake uwe wa polepole na usiokatika.

Karibu mikunga wote wanaouzwa wametoka baharini. Uliza amevuliwa vipi. Wa dema ni mzuri. Wa ndoana mwogope, kwani mikunga humeza chambo mpaka ndani na jeraha la tumboni halionekani. Na kwenye hifadhi kama Malindi, Watamu, Kisite au Chumbe hakuna kuvua, awe mkunga au kingine chochote. Nje ya hapo, ulizia leseni kwa ofisi ya uvuvi.

Usimkamate kwa wavu wa mkono. Hujifunga fundo ndani yake, ute unatoka, ngozi inachubuka. Weka bomba ndani ya maji, ataingia mwenyewe; ziba midomo yote miwili kwa mifuko ya plastiki, inua bomba na mkunga wake. Bomba hilohilo ndilo litakalokuwa kitanda chake cha kwanza kwenye tangi la karantini, la kumtenga mgeni, alale humo wiki 4.

Kama safari ilikuwa fupi, chini ya saa 2, elesha mfuko dakika 20 kisha mdondoshee maji ya tangi kwa kijibomba chembamba, matone 3 kwa sekunde, kwa muda wa saa moja. Safari ikiwa ndefu, ya saa 8 au zaidi, fanya kinyume. Ndani ya mfuko hewa ya ukaa imeshusha pH, yaani maji yamekuwa na asidi zaidi, na hali hiyo imeifanya amonia iliyokusanyika isiwe kali. Ukifungua mfuko, hewa ya ukaa inatoka, pH inapanda, na amonia ileile inageuka sumu huku wewe unadondosha matone kwa subira. Hapo andaa maji ya karantini yenye chumvi sawa na ya mfuko, linganisha joto bila kufungua, fungua, na umhamishe mara moja.

Chakula

Snowflake ni mla kaa na kamba. Msingi wa mlo uwe kamba wazima na maganda yao, vipande vya kaa, ngisi, kome, na mara mojamoja mnofu wa samaki wa baharini. Maganda usiyamenye, meno yake yameumbwa kwa kazi hiyo. Samaki hai wa maji baridi, hasa samaki dhahabu, usimpe kamwe: mafuta yao hayamfai na wana kimeng'enya kinachoitwa thiaminasi, ambacho huharibu vitamini B1.

Hapa ndipo wafugaji waangalifu hukosea pia. Thiaminasi imo kwenye kamba wengi, kwenye kome, na kwenye baadhi ya samaki wadogo wa jamii ya dagaa. Friza haiiui. Mkunga anayelishwa kamba wa friza peke yao kwa miezi mingi huanza kupoteza mwelekeo: analenga chakula anakosa, anaogelea kwa kupinda, mwisho anatetemeka. Watu hudhani amezeeka au amekuwa kipofu. Dawa ya kwanza ni kubadilisha vyakula, ya pili ni kumwongezea B1. Kipimo kinachotumika kwa wanyama wa baharini wanaolishwa samaki ni miligramu 25 hadi 30 kwa kilo ya chakula. Nyumbani fanya hivi: nunua vidonge vya B1 vya miligramu 100 duka la dawa, saga kimoja, kiyeyushe kwenye mililita 100 za maji safi. Sasa kila mililita ina miligramu 1. Mlo wa gramu 20 unahitaji nusu mililita, kama matone 10, yaliyodondoshewa kwenye nyama dakika chache kabla ya kulisha. Usitie mapema na kurudisha friza, kimeng'enya kitaila. Chupa ikae kwenye jokofu, gizani, na baada ya wiki mwaga utengeneze upya.

Nyama ya sokoni igandishwe siku 7 kwanza kwa ajili ya vimelea, na uulize kama kamba wametiwa dawa ya kuzuia weusi, tafuta wasiotiwa.

Mkunga mchanga wa sentimita 25 ale gramu 3 hadi 5 kila baada ya siku 2. Wa sentimita 50, gramu 15 hadi 20, mara mbili kwa wiki. Mkubwa aliyekomaa, mara moja kwa siku 4 au 5. Kipande kisizidi upana wa kichwa chake. Tumbo livimbe kidogo na lishuke ndani ya siku mbili. Likibaki limevimba, punguza. Ukimshindilia ataitapika yote usiku, na asubuhi utakuta maji meupe kama tui.

Namna ya kulisha ina mpangilio wake. Zima pampu za mkondo ili harufu isitawanyike. Tumia koleo la plastiki au mbao la sentimita 40. La chuma huvunja meno. Ingia kwa ubavuni, si kwa juu, weka kipande sentimita 5 mbele ya vile vijibomba vya manjano, usubiri. Macho yake ni dhaifu, anaona kwa pua. Utamwona anainua kichwa, anakiyumbisha kulia na kushoto, anasogea mbele polepole, kisha anauma. Ukihisi ameuma, achia papo hapo. Kuvutana naye humjeruhi. Wakati mwingine atajifunga fundo kwa mkia na kulisukumia mbele mpaka kwenye kipande ili akikate. Mwache afanye kazi yake. Lisha sehemu ileile, kwa chombo kilekile, na mkono wako usijihusishe na chakula hata siku moja. Baada ya nusu saa mulika tochi ndani ya mashimo, toa kila kilichobaki, kwa sababu kipande kimoja cha ngisi nyuma ya jiwe kinatosha kuvuruga maji siku ya tatu.

Mgeni anaweza kukataa kula wiki 2 hadi 3. Mzimie taa, usimkodolee, na jioni mpe kaa mdogo hai aliyevunjwa magando au duvi wachache hai. Baada ya hapo changanya na nyama iliyokufa. Ikifika wiki ya 4 na mfereji mgongoni umeanza, pima maji, angalia joto, na uangalie nani tangini anamsumbua.

Kuhusu kuumwa na mkunga: mwaka 2007 Mehta na Peter Wainwright walionyesha kwenye jarida la Nature kwamba mkunga ana taya la pili kooni, linalosogea mbele kushika windo na kulivuta ndani. Ndiyo sababu hapendi kuachia. Akikuuma usichomoe mkono kwa nguvu, utajichana. Tulia ndani ya maji mpaka aachie. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, na jeraha likiwa na kina nenda hospitali umwambie daktari kwamba ni la samaki wa baharini, kwani bakteria wake si wale wa kawaida. Siku ya kulisha usisafishe tangi, na siku ya kusafisha nawa mikono kama ulikuwa jikoni.

Maradhi, wenzake, na umeme

Mkunga hupata ugonjwa wa madoa meupe mara chache kuliko samaki wenye magamba, ute unamsaidia. Shida ni dawa. Shaba, ambayo ndiyo tiba ya kawaida ya ugonjwa huo, humdhuru mkunga kwa kiwango ambacho samaki kama kangaja anakivumilia. Tangi lililowahi kutiwa shaba nalo usiliamini, kwani mawe huinyonya na kuitoa taratibu. Samaki mwingine akiugua, mtoe yeye ukamtibu kwenye tangi lake. Mkunga akiwa na wekundu au jeraha, mara nyingi maji safi, joto lisiloyumba na kubadilisha asilimia 20 kila siku mbili hufanya kazi kubwa kuliko chupa yoyote.

Wenzake wawe samaki wanene, wepesi, wasiolala chini: kangaja, kitatange, tasi. Kikande ni mchokozi, humng'ata mkunga mkia. Kamba wa mapambo na kaa wa aina yoyote ni chakula, hata kama wamekaa naye miezi sita kwa amani.

La mwisho ni umeme. Kabla mkunga hajaingia, zima pampu kuu kwa makusudi na utazame: maji yatashuka kutoka tangini kwenda sampu, pengine lita 20 au 30, na sampu lazima iyabebe. Kama haibebi, toboa tundu dogo kwenye bomba la kurudishia, chini kidogo ya usawa wa maji, ili likate mvuto. Kuwa na pampu ya hewa ya betri inayojiwasha umeme ukikatika. Anayetumia chujio la mtungi ajue kwamba maji yaliyokaa humo saa nyingi bila hewa yameoza. Alifungue, ayamwage, asuuze kwa maji ya tangi, ndipo awashe. Umeme ukirudi baada ya usiku mzima, subiri saa 12, pima amonia, na kama si 0 badilisha maji na uahirishe mlo wa siku hiyo.